Mambo ya Nyumbani: Kuomba Hesabu si Kuanzisha Ugomvi

Juma hili twataka kuzungumza na jamaa wanaonunua nyumba kwa kulipa kidogo kidogo, na hasa wale wa Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, ambako desturi hiyo imeenea sana. Jambo liwasumbualo twalijua. Mtu amelipa miaka mitatu au minne, naye aona mwisho wa deni u karibu. Daftari yake yasema hivi, muuzaji asema vile. Je, amwendee vipi mwenziwe kumwomba hesabu ya malipo yote yaliyopokelewa? Wengi hunyamaza. Huogopa lile neno chungu: «Kumbe siku zote hizi huniamini?» Na kwa kuwa muuzaji mara nyingi ni mzee wa mtaa, au mtu wa shirika moja nao, huona ni afadhali kulipa zaidi kuliko kuonekana watovu wa adabu.

Sisi twasema kwamba kuomba hesabu ni haki ya mnunuzi, na kuitoa ni heshima ya muuzaji. Lakini iko namna ya kuomba, na uko wakati wake. Ndiyo maana tumeona yafaa tulieleze shauri hili kwa kirefu.

Tukumbuke kwanza jinsi Keshero ilivyojaa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka kupita katikati ya mji hata kuingia ziwa Kivu. Sehemu ya mji ipatayo asilimia 13 ilifunikwa, kanisa kuu likateketea, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Wengi walitafuta mahali pengine pa kujenga, na upande wa barabara ya Sake viwanja vikaanza kutafutwa sana. Bei ya nyumba Goma hutajwa kwa dola za Marekani, hata ikiwa ni nyumba ya mbao iliyokaa juu ya makoro. Mwalimu, muuguzi au mama auzaye samaki hawezi kuweka mezani dola 12,000 kwa siku moja, na mkopo wa benki wa miaka mingi ni jambo la wachache. Basi watu hupatana: leo nitatoa kiasi fulani, na kila mwezi kiasi fulani, hata deni liishe. Hatuilaumu njia hiyo. Jamaa nyingi zimepata makao kwayo ambazo zisingeyapata kwa njia nyingine.

Wala si njia mpya. Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji iliunda Office des Cités Africaines, shirika lililojenga mitaa mizima kwa ajili ya watu wa miji, kama Bagira huko Bukavu. Lakini huko nyuma ya nyumba palikuwa na ofisi, na ofisi ina karani na vitabu vyake. Huku kwetu Keshero muuzaji ni jirani. Hana karani. Pengine daftari yake ni ile ile ya madeni ya duka, au ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mtoto wa shule, au kichwa chake tu. Hapo ndipo shida huanzia, wala si lazima pawe na mtu mwovu. Watu wawili waaminifu wanaokumbuka mambo ya miaka minne kwa kichwa watafika kwenye jumla mbili.

Inatupasa hapa kueleza jambo la sheria, maana hapo ndipo uzito wa shauri lote ulipo. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu hapewi udongo wenyewe, bali haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya kuandikishwa, ambayo wengi huiita kwa jina lake la Kifaransa, certificat d'enregistrement. Mnunuzi wa kidogo kidogo hana hati hiyo hadi malipo ya mwisho. I kwa muuzaji, kama ipo. Na mara nyingi haipo hata kwake: kuna karatasi ya mauziano tu, pamoja na karatasi za mtaa. Basi mnunuzi anacho nini mkononi? Anao mkataba, na anazo risiti. Amekwisha kupaka kuta chokaa, amepanda migomba michache uani, watoto wamezoea njia ya shule. Lakini mbele ya mgeni asiyemjua, nyumba yake ni vile vipande vya karatasi.

Sheria ya mikataba, iliyotungwa tarehe 30 Julai 1888 na ambayo hata leo ni msingi wa mapatano nchini Kongo, yataka kila jambo lipitalo thamani ya faranga 2,000 liandikwe. Faranga 2,000! Leo kiasi hicho hakifiki dola moja. Sheria hiyo yasema pia kwamba adaiye deni alithibitishe, na asemaye kwamba amelipa athibitishe malipo yake. Angalieni vema neno hilo la pili. Ukiwa na mkataba uliotiwa sahihi, deni limekwisha kuthibitishwa. Muuzaji hana haja ya kuonyesha kwamba hukulipa mwezi wa Aprili. Wewe ndiwe utakayeulizwa risiti ya Aprili. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wamesoma sheria ya 1888.

Sasa tutwae mfano, ili maneno yasibaki hewani. Si habari ya mtu mmoja. Tumeuunganisha kwa vipande vya mambo yatokeayo mara kwa mara, na hesabu zake ni zetu wenyewe.

Baba mmoja wa Keshero alinunua nyumba kwa dola 12,000. Januari 2020 alitoa 3,000 siku ya kutia sahihi, akaahidi 200 kila mwezi kuanzia Februari. Hadi mwisho wa Agosti 2023 miezi 43 imepita. Mwezi mmoja hakulipa, yaani Juni 2021, kwa sababu ya zile siku za mlima na matetemeko ya nchi, watu walipotoka mjini kwa malaki kuelekea Sake, Minova na Gisenyi. Basi amelipa miezi 42, nayo ni dola 8,400. Ukiongeza 3,000 za mwanzo, jumla ni 11,400. Zabaki 600. Zaidi ya hayo alichimba choo kipya kwa dola 250, na muuzaji alimwambia kwa mdomo kwamba zitatolewa katika bei. Kwa hiyo daftari yake yaonyesha kwamba zimebaki 350. Anakwenda kwa muuzaji kwa furaha, na muuzaji anamwambia: «Mwanangu, bado 1,450.»

Tofauti ni dola 1,100. Wenye hasira wangeanza kutukanana papo hapo. Lakini tofauti hiyo si kitu kimoja. Ni vitu vitano vilivyofungwa katika furushi moja, na kazi ya hesabu ni kulifungua.

Cha kwanza ni faranga. Katika mwaka 2021 malipo matano yalifanywa kwa faranga, 400,000 kila mara, maana dola moja wakati ule ilikuwa kama faranga 2,000. Ni faranga 2,000,000, yaani dola 1,000. Lakini muuzaji, alipoketi kuandika mwaka 2023, aligawanya kwa 2,500, bei ya siku ile ya kuandika, akapata dola 800. Hapo zimepotea 200 bila mtu yeyote kuiba. Kwa maoni yetu jibu ni wazi: faranga huhesabiwa kwa bei ya siku zilipopokelewa, kwa kuwa siku ile muuzaji angeweza kuzibadili kuwa dola. Lakini je, risiti yataja bei hiyo? Kama risiti yasema tu «nimepokea faranga 400,000», mtabishana mchana kutwa. Risiti njema husema: «nimepokea faranga 400,000, tukihesabu dola moja kwa faranga 2,000, yaani dola 200.» Kuiandika hakuchukui dakika mbili.

Cha pili ni ndugu wa muuzaji. Katika zile siku za 2021 muuzaji alivuka ziwa akakaa Bukavu miezi miwili, na mnunuzi akampa mdogo wake dola 200 mara mbili. Muuzaji asema hakuziona hizo 400. Sheria yataka malipo yafanywe kwa mwenye kudai, au kwa mtu aliyepewa uwezo naye. Na kama aliyepokea hakuwa na uwezo, malipo ni halali iwapo mwenye kudai ameyakubali baadaye au yamemfaa. Kwa hiyo hapa maswali ni mawili: je, muuzaji alimtuma mdogo wake? Na fedha zilikwenda wapi? Ikiwa zililipia karo ya watoto wa muuzaji, zimemfaa. Ikiwa zililiwa na mdogo mtu peke yake, bila mkubwa kujua, mnunuzi yu hatarini. Ujumbe mfupi wa simu usemao «mpe mdogo wangu» ungemaliza neno. Twawaomba wasomaji wetu waupate ujumbe huo kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Cha tatu ni noti ya dola 100 iliyochanika pembeni. Kila mtu wa Goma ajua jinsi wabadilishaji wanavyoikataa noti yenye mpasuko hata mdogo kama ukucha. Muuzaji asema aliirudisha, mnunuzi asema alileta nyingine. Hakuna maandishi. Neno hilo ni la wao wawili na dhamiri zao, nasi hatuwezi kulikata tukiwa mbali. Twaweza kusema tu kwamba noti hutazamwa mezani, mbele ya wote wawili, kabla ya kalamu kushika karatasi. Na kwamba nambari ya noti kubwa yaweza kuandikwa katika risiti.

Cha nne ni «faini» ya dola 150 kwa kuchelewa. Mnunuzi hakupata kuisikia hata siku moja. Je, imo katika mkataba? Ikiwa imo, na ilipwe au iombewe huruma. Ikiwa haimo, muuzaji hawezi kuitunga peke yake mwisho wa safari. Tungependa kumkumbusha pia kwamba Juni 2021 haukuwa mwezi wa uvivu. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia.

Cha tano ni choo, dola 250. Hapa tusimpendelee mnunuzi. Mkataba umeandikwa, ahadi ya choo haikuandikwa, na sheria haipendi maneno ya mdomo yaongezwe juu ya maandishi. Iwapo muuzaji ni mtu wa haki ataikumbuka ahadi yake. Iwapo ataikana, mnunuzi atakuwa amejichimbia choo kwa gharama yake mwenyewe katika nyumba ambayo, baada ya yote, itakuwa yake.

Mwaona basi: 200, na 400, na 100, na 150, na 250. Jumla yake ni 1,100 kamili. Mtu aliyekuja kupigana juu ya 1,100 sasa anayo maswali matano madogo, na mawili kati yake yana jibu karibu tayari. Hiyo ndiyo faida ya kuomba hesabu yenye mstari kwa mstari, wala si jumla tupu. Ukimwuliza muuzaji, «Zimebaki ngapi?» atakupa nambari moja, nanyi mtaanza kuvutana kamba. Mwulize, «Umepokea nini, lini, kwa mkono wa nani?» naye atalazimika kukumbuka pamoja nawe.

Namna ya kuomba, basi. Twashauri maombi yaandikwe, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Neno la mdomo hupokewa kulingana na sauti iliyotumika. Barua yaweza kusomwa mara mbili, na usiku hasira ikipoa husomwa vingine. Mwende kwanza kumsalimu, umwambie kwa mdomo kwamba barua inakuja na sababu yake, ili asishtuke. Kumpelekea mzee barua bila kumtangulia kwa salamu ni kumfanya adhani umekwisha kwenda kwa wakili. Barua yenyewe yaweza kuwa hivi:

«Papa mheshimiwa, salamu kwako, kwa Mama na kwa jamaa yote. Tangu Januari 2020 ninalipa nyumba ya Keshero kwa mkataba tuliouandika pamoja mbele ya mashahidi. Namshukuru Mungu kwamba tunakaribia mwisho. Kabla ya malipo ya mwisho napenda tulinganishe daftari zetu, ili watoto wako na watoto wangu wasije wakaulizana baadaye. Nakuomba uniandikie malipo yote uliyoyapokea, kila moja na tarehe yake, kiasi chake, kama yalikuwa dola au faranga, na nani aliyapokea. Kama kuna kiasi ulichokiongeza juu ya bei, nakuomba ukitaje na sababu yake. Kisha uniandikie salio unaloliona leo. Pamoja na barua hii naleta hesabu yangu na nakala za risiti. Risiti zenyewe ninazo nyumbani, na waweza kuziona siku yoyote. Tukiona tofauti, tuitazame pamoja mbele ya mashahidi wetu wale wale. Malipo ya mwezi huu nitayaleta kwa siku yake kama kawaida. Nakuomba jibu katika siku kumi na tano. Ni mimi mwanao.»

Katika barua hiyo maneno matatu yana kazi kubwa kuliko mengine. La kwanza ni kwamba mnunuzi anatanguliza hesabu yake mwenyewe. Anayeomba daftari ya mwenzake huku akificha yake huonekana mtegaji. La pili ni nakala: risiti zenyewe haziondoki nyumbani, hata kwa dakika tano, hata kwa mtu mwema. La tatu ni lile la malipo ya mwezi huu. Wako watu ambao, wakishaanza kushuku, husimamisha malipo ili kumlazimisha muuzaji aseme. Ni hatari. Maana hapo mwenye kosa hugeuka: yeye aliyekuwa akidai hesabu sasa anadaiwa miezi. Kama una shaka juu ya kiasi, lipa kile ambacho mkataba wakitaka, na andika katika risiti kwamba hesabu bado yatazamwa.

Barua iandikwe mara mbili. Moja apewe muuzaji. Ya pili aitie sahihi na tarehe kuonyesha kwamba ameipokea. Akikataa kutia sahihi, shahidi mmoja aliyekuwepo atie yake. Wala msingoje mwaka wa mwisho kama yule baba wa mfano wetu. Hesabu ya kila miezi sita ni mazungumzo ya chai. Hesabu ya miaka minne ni kesi. Anayelinganisha daftari kila Juni na kila Desemba, na pande zote mbili kutia sahihi chini ya salio, hana haja ya kurudi nyuma ya sahihi hiyo tena.

Kwa wale wanaolipa kwa simu tuna neno la pembeni. Mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na watu wengi waliozoea kuweka fedha katika akaunti ya muuzaji walibaki na simu tu. Malipo ya simu yana uzuri wake, kwani huacha alama: tarehe, saa, kiasi, jina la mpokeaji. Lakini simu huibwa, huanguka ziwani, hubadilishwa. Andikeni kila ujumbe katika daftari siku ile ile, pamoja na nambari ya malipo. Na mpatane mapema nani alipe ada ya kutuma na ya kutoa. Ada ya mwezi mmoja ni kitu kidogo. Ya miezi arobaini yaweza kukaribia malipo ya mwezi mzima, na muuzaji aliyepokea 196 kila mara badala ya 200 hatasahau.

Je, muuzaji akikataa? Wengine hukataa si kwa ujanja bali kwa aibu, kwa kuwa hawana daftari yoyote. Huyo msaidie: mwambie, «Papa, basi tuitazame yangu mstari kwa mstari, na pale unapokubali utie alama.» Mara nyingi hilo latosha. Akiendelea kunyamaza, andika barua ya pili fupi kuliko ya kwanza, kisha watafute watu anaowaheshimu: mashahidi wa mkataba, mzee wa nyumba kumi, viongozi wa shirika. Jimbo la Goma lina Tume ya Haki na Amani, na kusuluhisha watu kabla hawajafika mahakamani ni kazi inayofaa kuletwa kwao. Mahakama ni ya mwisho, maana njia yake ni ndefu na yala fedha.

Tena mjue neno hili, ili msitishwe: muuzaji hana ruhusa ya kuvunja mkataba kwa mdomo wake na kuwatoa watu nje kwa nguvu kwa sababu ya mwezi uliokosekana. Kwa kanuni ya sheria ile ya 1888, kuvunja mkataba kwa ajili ya upande usiotimiza wajibu huombwa mahakamani, na hakimu aweza kumpa mdaiwa muda. Lakini kama ninyi wenyewe mliandika kwamba kukosa mwezi mmoja kunafuta kila kitu, mmejifunga kwa kamba yenu. Someni mkataba wenu leo jioni. Twaogopa wako wengi ambao hawajausoma tangu siku ya sahihi.

Msidhani kwamba taabu hii ni ya Kongo tu. Katika mji wa Chicago, Marekani, Waafrika wa huko walikuwa wakinyimwa mikopo ya nyumba kwa sababu ya rangi yao, na wengi wakalazimika kununua kwa mkataba wa kila mwezi, hati ikibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Aliyekosa kulipa aliweza kupoteza nyumba na yote aliyokwisha kutoa. Mtu mmoja, Clyde Ross, alinunua nyumba yake mwaka 1961 kwa dola 27,500. Muuzaji alikuwa ameipata kwa 12,000 miezi sita tu kabla yake. Mwaka 1968 watu wa mtaa wa Lawndale waliunda umoja wao, Contract Buyers League, wakikusanyika katika parokia yao, wakisaidiwa na mseminari Mjezuiti, Jack Macnamara. Kazi yao ya kwanza haikuwa maandamano. Wanafunzi walikwenda kuchimba katika vitabu vya serikali, nyumba kwa nyumba, kuona muuzaji alilipa nini na anadai nini. Jamaa ambazo kila moja ilidhani imedanganywa peke yake, kwa ujinga wake yenyewe, ziliona hesabu zikifanana. Ndipo aibu ilipowatoka, wakaanza kusema. Baadaye mamia yao walizuia malipo kwa pamoja. Wengine walitolewa nyumbani mwao na polisi, na kesi zao kubwa hawakushinda, lakini wauzaji kadhaa walikubali kuandika mikataba upya kwa bei ya haki. Hatuwasifii wasomaji wetu kule kuzuia malipo, kwani wale walikuwa mamia na walikuwa na mawakili. Tunachosifu ni lile jambo la kwanza. Katika shirika moja la Keshero huenda wakawamo wanunuzi watano au sita wanaolipa kidogo kidogo, na kila mmoja ameficha daftari yake chini ya godoro kana kwamba ni ugonjwa. Kwa nini wasiketi pamoja siku moja, mwalimu mmoja akiwasaidia kupiga jumla?

Yabaki neno la siku ya mwisho. Salio likishakubaliwa na kulipwa, risiti ya mwezi haitoshi tena. Iandikwe karatasi isemayo kwamba bei yote ya dola 12,000 imelipwa, kwamba muuzaji hadai kitu chochote tena, na kwamba atakwenda pamoja na mnunuzi, au atatoa uwezo kwa maandishi, ili kubadili jina katika ofisi ya hati za viwanja. Tangu sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, nyumba ya watu waliooana haihamishwi bila mapatano ya mume na mke, hata ndoa yao iwe chini ya mpango gani wa mali. Kwa hiyo Mama wa upande wa muuzaji naye atie sahihi, na si kwenye ukingo wa karatasi kama shahidi, bali kama mwuzaji. Kama aliachwa nje siku ya mkataba, yafaa kumwendea sasa, maadamu mumewe yu hai na wote wakumbuka vema. Na kwa upande wa wanunuzi tungependa majina mawili yaandikwe vilevile, kwa kuwa mara nyingi mume ndiye aliyebeba fedha kwa muuzaji, lakini ni mke aliyezitoa katika likelemba.

Hesabu ile iliyotiwa sahihi ifungwe pamoja na risiti zote, ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, na nakala moja ikae kwa mtu wa jamaa asiyeishi katika nyumba hiyo. Mwaka 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wako watu waliokuwa na dakika chache tu za kuchagua kitu cha kubeba.